Mama Mpira na Soketi Moja

Wapo watu mjini humu wanaoijua bustani ya manispaa kuliko wanavyozijua sebule zao, lakini waulize mle mnaota maua gani, watakukodolea macho. Watakuambia benchi lipi linashika mtandao na lipi halishiki. Watakuambia ukikaa upande wa bembea video inakwama, ila ukisogea penye nguzo, karibu na tuta la miwaridi, mambo ni moto. Miwaridi gani? Hapo ndipo wanaanza kukuna vichwa.

Sasa huyu ninayemsimulia alikuwa mtu wa miwaridi. Walimwita Mama Mpira kwa sababu ya mpira wa maji aliouburura siku nzima, wa kijani, mrefu wa kutoka kibanda cha pampu hadi langoni, umefungwa vipande vya tyubu za baiskeli mahali pane. Wageni walidhani ana watoto wanaosakata kandanda, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, mwenye magoti yaliyokwisha kugoma na mdomo ambao haukugoma hata siku moja.

Alianza kazi pale akiwa mfagiaji, miaka ishirini na miwili nyuma. Mtunza bustani wa wakati ule, mtu wa kununa, alipostaafu alimwachia mkasi, ufunguo wa kibanda cha pampu na tuta tupu la udongo mgumu, akaenda zake bila hata kwaheri. Mama Mpira akalijaza lile tuta kwa wizi. Ndiyo, kwa wizi, tusioneane haya. Kila alikokwenda alikuwa na kimkasi ndani ya pochi. Akiona mwaridi umechungulia nje ya ukuta wa mtu, kacha! Kijiti kimoja, anakifunga kwenye kitambaa kibichi, huyo! Mmoja aliutoa hospitalini siku aliyokwenda kujifungua mtoto wa mwisho, na muuguzi akabaki kushangaa mzazi gani anatoka wodini na mtoto mkono mmoja na kijiti mkono wa pili. Mwingine aliukata kwenye ua wa kituo cha polisi, mchana kweupe, alipokwenda kuripoti wizi wa baiskeli. Mwingine aliuotesha kutoka kwenye shada ambalo bibi harusi mmoja alilisahau benchini. Ilipotimia miaka kumi, tuta lilikuwa na miwaridi thelathini na sita, na mingi alikuwa ameipa majina: Hospitali, Polisi, Bibi Harusi, na kuendelea.

Mumewe alikuwa fundi cherehani aliyeshonea nyumbani, kibarazani, na yeye pia hakuwa bubu.

"Mke wangu," alikuwa akisema, "siku utakayoanza kuwapikia hao thelathini na sita, mimi nahama."

"Wao wanataka maji tu," Mama Mpira alimjibu. "Wewe unataka maji, chakula, na kusifiwa."

Jambo moja tu ndilo lililomkosesha raha: mkataba. Kila mwaka alipewa mkataba wa mwaka mmoja. Mmoja, ukaisha, mwingine, ukaisha, mara ishirini na mbili, kama kiatu kinachojaribiwa na mtu asiye na nia ya kukichukua. Kwa hiyo kila mwaka ulipokaribia ukingoni aliyanyoosha matuta, akapogoa, akamwagilia, ili wakubwa wakija wakute kitu cha kuwafanya waone aibu kumfukuza. Na maua hayakumwangusha hata mwaka mmoja.

Kisha akaja Bwana Uzinduzi.

Huyu alikuwa mkuu mpya wa Idara ya Mapumziko. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wake mwenyewe, na usifikiri walimsingizia. Katika mwaka wake wa kwanza alizindua mapipa sita ya taka. Akazindua bomba la kunawia mikono, lililokuwepo tangu zamani ila lilipakwa rangi. Akazindua lango, na mvua ilipoibabua rangi yake, akalizindua tena. Siku moja akatangaza kwamba sasa bustani itakuwa na waifai ya bure kwa kila mwananchi, usiku na mchana, bila kukatika hata dakika moja. Watu wakapiga makofi. Mama Mpira naye alipiga makofi, masikini ya Mungu, hakujua anajipigia mwenyewe.

Fundi wa mtandao alifika na ngazi, kitambi, na shati lenye maandishi mgongoni. Akasimika nguzo pembeni mwa miwaridi, akaukanyaga Polisi hadi ukalala. Kisha akaanza kutafuta umeme wa kuwashia kisanduku chake. Bustani nzima ilikuwa na umeme mahali pamoja tu, ndani ya kibanda cha pampu, na ndani ya kibanda kulikuwa na soketi moja, na kwenye soketi hiyo kulikuwa na plagi ya pampu. Fundi hakuumiza kichwa. Alichomoa pampu, akachomeka kisanduku.

"Na maji?" aliuliza Mama Mpira.

"Ukitaka maji, chomoa hii, chomeka ile. Ukimaliza rudisha. Wiki ijayo nakuja kukuwekea soketi ya pili."

Wiki ijayo! Wiki ile ijayo mpaka leo bado iko njiani. Alichokifanya fundi ni kuandika kwenye ripoti yake kwamba soketi ziko mbili na kazi imekamilika. Ripoti ikapigwa muhuri, na karatasi ikishapigwa muhuri pale manispaa, hata ukweli hupanga foleni nje.

Mama Mpira alijaribu njia yake. Alichukua ekstensheni ya cherehani ya mumewe ili achomeke vyote viwili. Pampu ilipoamka kwa ile nguvu yake, ekstensheni ikatoa moshi, ikayeyuka kama mshumaa, na mumewe akashona kwa mkono siku tatu huku akiguna. Basi ikabaki kuchomoa na kuchomeka: saa moja asubuhi kwa maji, saa moja jioni kwa maji, na muda uliobaki wote kwa mtandao.

Na watu walikuja jamani. Walikuja kama waliopigiwa mbiu. Kulikuwa na yule waliyemwita Profesa, mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya chuo kikuu kwa mwaka wa saba. Alifika lango likifunguliwa, akakaa chini ya nguzo, akafungua kompyuta, akafungua tasnifu, na juu ya tasnifu akafungua mechi. Kulikuwa na mwanamama muuza nguo aliyefanya biashara kwa kujirusha mubashara, na kwa kuwa alihitaji mahali pa kutundika bidhaa, alitundika magauni juu ya miwaridi. Kulikuwa na baba mmoja mwenye suti aliyejibanza nyuma ya ua wa michongoma kila mchana kuongea kwa video na mwanamke ambaye hakuwa mama wa watoto wake, akidhani majani yanazuia sauti. Wengine walikuwa watu wa kawaida tu, vichwa chini, safu kwa safu. Asiyejua angedhani bustani nzima imefiwa.

Mama Mpira hakuwachukia. Aliwachamba, ni kweli, ila hakuwachukia. Kilichomuuma ni kwamba Bibi Harusi ulichanua mwezi ule maua kumi na moja kwa mpigo, mekundu ya kukoza, na kati ya watu mia waliokaa hatua tatu kutoka pale, hakuna aliyegeuza shingo. Ukweli ni kwamba mmoja alilitazama ua, tena kwa muda mrefu, na moyo wa Mama Mpira ukafurahi, hadi alipogundua kwamba jamaa anatafuta mahali pa kuegesha simu.

Siku walipoinua vichwa ilikuwa ni kwa shari. Mama Mpira aliingia kibandani jioni kama kawaida, akachomoa, akachomeka, akatoka na mpira wake. Bustani nzima ikaguna kwa pamoja. Watu wakatazama juu, wakatazama nguzo, wakatazamana, labda kwa mara ya kwanza, kisha wakamwona mwanamke mwenye mpira akinyunyizia miwaridi chini ya nguzo. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Maji yakitoka, mtandao unakufa. Maji yakifungwa, mtandao unafufuka.

Hapo Profesa akasimama. Miaka saba ya elimu ilimkaa shingoni, ilibidi aitue mahali.

"Ni jambo la kisayansi," alisema, akisukuma miwani. "Mawimbi ya mtandao ni kitu laini sana. Yakikutana na jani bichi lenye maji, jani linayanyonya. Ndiyo maana mvua ikinyesha pia yanapotea."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kweli, juma lililopita mvua ilinyesha na mtandao ukapotea! Hakuna aliyekumbuka kwamba siku ile umeme ulikatika mji mzima.

"Jani linanyonya nini?" Mama Mpira aliangua kicheko hadi akaushika mgongo. "Enyi watu, ni soketi! Soketi iko moja. Njooni kibandani mkaone kwa macho yenu."

Kibanda kilikuwa hatua arobaini kutoka pale. Hakuna aliyenyanyuka. Yule muuza nguo alimtazama kwa huruma, ile huruma anayopewa mtu aliyeulizwa hesabu akajibu habari za hali ya hewa.

Wakaandika malalamiko, mtandaoni bila shaka, na watu mia nne na kumi na mbili wakaweka majina yao. Baada ya siku mbili Mama Mpira akaitwa ofisini kwa Bwana Uzinduzi. Ukutani kulikuwa na picha kumi na tisa, na katika kila picha kulikuwa na Bwana Uzinduzi, mkasi na utepe.

"Mama Mpira," alisema bila kumkaribisha kiti, "tuna tatizo. Unaua mtandao."

"Mimi, mkuu?"

"Maji yako. Kuna mtaalamu ameeleza vizuri sana hapa. Majani yananyonya mawimbi."

"Mkuu, mtaalamu huyo ni yule anayeangalia mechi chini ya nguzo. Mimi nakwambia soketi ni moja. Nikichomeka pampu, nimechomoa mtandao. Twende ukaone, ni mwendo wa dakika tano."

Bwana Uzinduzi akafungua faili, akapitisha kidole. "Ripoti ya fundi inasema soketi mbili. Tazama, na muhuri huu."

"Basi huo muhuri una macho makali. Mimi nashinda mle kila siku na hiyo ya pili sijaiona."

"Mama," sasa alilegeza sauti, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa, "wewe ni mtu wa maua. Mambo ya mtandao tuachie wenyewe. Kama una ombi la soketi, andika barua. Nakala tatu."

Aliandika. Mumewe ndiye mwenye mwandiko mzuri, kwa hiyo aliweka cherehani kando, akaandika kwa mkono, nakala tatu, herufi zimesimama wima kama pindo za suruali. Barua ikapelekwa mapokezi, ikapokelewa, na habari yake ikaishia hapo.

Zilizokuja ni mbili nyingine. Ya kwanza ilisema kuanzia siku ile ni marufuku kumwaga maji kwa namna yoyote katika eneo la nguzo, kwa kuwa unyevu wa majani hudhoofisha mawimbi. Ya pili ilikuja siku tatu baadaye. Ilisema uzinduzi rasmi wa Bustani ya Mtandao utafanyika baada ya wiki sita, na kwamba siku hiyo bustani iwe ya kijani na maua yawe yamechanua, la sivyo mkataba wa mhusika hautaongezwa. Barua zote mbili zilikuwa na sahihi moja. Tena kalamu ilikuwa ile ile.

"Mhusika ni nani?" mumewe aliuliza.

"Ni mimi."

Fundi cherehani alizisoma tena, moja mkono huu, nyingine mkono ule. "Hapa wanakukataza maji, na hapa wanakudai maua. Mke wangu, huyu bwana akija kwangu kupima suruali, atataka iwe ndefu na kaptula."

Mama Mpira hakucheka. Alizibandika barua zile kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, ubavuni mwa soketi, na katikati yake akachora mshale kwa penseli kuelekea kwenye tundu za plagi. Chini yake akaandika: ni hii hapa.

Kiangazi kilikuwa kimeshika kasi. Wiki ya kwanza udongo ulipasuka. Wiki ya pili majani yakaanza kujikunja. Mama Mpira akaleta maji kutoka nyumbani ndani ya chupa ya chai. Alikaa kwenye ukingo wa tuta, akajimiminia kikombe, akajifanya anakunywa, kisha akakiinamisha polepole penye shina la Hospitali. Kikombe cha pili, Polisi. Lakini chupa moja ina vikombe vingapi, na miwaridi ilikuwa thelathini na sita. Siku ya nne Profesa alimwona.

"Mtandao umeshuka!" alipiga kelele. "Nauona kabisa umeshuka!"

Mtandao ulikuwa haujashuka hata kidogo. Muuza nguo alikuwa mubashara wakati ule ule, akionyesha sketi. Lakini mlinzi alikwisha kuja, na tangu siku hiyo Mama Mpira alipekuliwa chupa yake ya chai langoni, yeye mwenye miaka ishirini na miwili pale, mbele ya watu waliopita na simu zao bila kuuliza kuna nini.

Tusizunguke: iliyofuata ilimuumiza mno. Hospitali ulitangulia, ule wa siku ya mwanawe. Aliukuta asubuhi umekuwa kuni. Aliupiga ukucha kwenye gome kutafuta rangi ya kijani chini yake, akakuta kahawia tupu. Akakaa chini, akalia. Alilia kwa sauti, mchana, katikati ya watu themanini hivi. Mmoja akainua simu juu usawa wa kichwa, na Mama Mpira akajifuta machozi haraka akidhani anapigwa picha. Wala. Jamaa alikuwa anatafuta mtandao tu. Alipoupata akaishusha simu, akaendelea na yake.

Siku hiyo alichomoa kimkasi kwenye pochi na kwa mara ya kwanza akaiba kwenye bustani yake mwenyewe. Kijiti kimoja kwa kila mwaridi uliokuwa bado na uhai. Akavifunga kwenye kitambaa, akavipitisha langoni ndani ya sidiria, maana mlinzi alikuwa anapekua chupa tu. Nyumbani akavichomeka kwenye makopo ya rangi, akayapanga kibarazani kando ya cherehani. Mumewe alihamisha kiti chake kuyapisha.

Wiki moja kabla ya uzinduzi, Bwana Uzinduzi alikuja kukagua. Alisimama mbele ya tuta, akatazama viboko thelathini na sita vya rangi ya kahawia, akamgeukia Mama Mpira. "Nini hiki?"

"Ni barua yako ya kwanza, mkuu."

"Na barua ya pili?"

"Hiyo imekosa maji."

Hakumfukuza. Angemfukuza angelazimika kueleza. Siku ya tatu lilikuja lori. Wakang'oa miwaridi yote, wakaitupa kwenye mapipa yale sita yaliyozinduliwa, wakatandika zulia la nyasi za plastiki, na juu yake wakachomeka mawaridi ya plastiki, mekundu, thelathini na sita kamili, kwa sababu hesabu ilikuwepo kwenye faili. Mama Mpira akapewa kitambaa cha kufutia vumbi. Aliambiwa kwamba mkataba wake utategemea jinsi yatakavyong'aa.

Siku ya uzinduzi bustani ilijaa. Kulikuwa na viti, spika, na skrini kubwa jukwaani, maana mgeni rasmi alikuwa mbali na angehudhuria kupitia mtandao ule ule. Angekata utepe kule aliko, na sekunde hiyo hiyo Bwana Uzinduzi angekata wa huku. Jambo kama hilo halijawahi kuonekana, alisema Bwana Uzinduzi, na kwa hilo nakubaliana naye.

Balaa ni kwamba malori ya viti yalipita asubuhi kwenye njia ya vumbi, na vumbi likatua. Nyasi za plastiki zikawa za udongo. Mawaridi yakawa kama vitambaa vya kudekia. Zilibaki dakika kumi na tano. Kitambaa cha Mama Mpira kilikuwa kinahamisha tope kutoka petali hii kwenda ile.

"Unapapasa nini hapo?" Bwana Uzinduzi alimjia mbio. "Osha! Chukua mpira uoshe!"

"Mkuu, barua yako inakataza maji."

"Hayo yalikuwa majani! Hii ni plastiki! Plastiki itanyonya mawimbi gani?"

Mama Mpira akanyoosha mgongo taratibu. Karibu yao walisimama watu kama ishirini, na Profesa akiwemo. "Naomba uniambie mbele ya hawa, mkuu, nisije nikalaumiwa. Nitumie mpira?"

"Tumia mpira! Nikwambie mara ngapi? Ua moja moja, na usiache hata moja!"

"Sawa, mkuu."

Alikwenda kibandani kwa mwendo wa magoti yake, bila haraka. Hakuna aliyemfuata, hawajawahi. Nyuma yake alisikia spika zikikohoa na mgeni rasmi akisalimia kutoka kwenye skrini. Akachomoa. Akachomeka. Pampu ikanguruma.

Aliporudi na mpira, mgeni rasmi alikuwa ameganda kwenye skrini, mdomo wazi, jicho moja limefumba, mkasi juu. Bwana Uzinduzi alikuwa ameshika utepe akisubiri, akitabasamu kwa skrini. Akatabasamu dakika nzima. Kisha kelele zikaanza nyuma: muuza nguo amekatika, mechi imekatika, baba mwenye suti ametoka nyuma ya ua akitikisa simu. Mama Mpira aliosha ua la kwanza. Akaosha la pili, la tatu, akaendelea.

"Ni maji!" Profesa aliruka. "Ni yale maji!" Kisha akaitazama ile petali inayochuruzika, akaigusa, akaona ni plastiki, na uso wake ukawa wa mtu aliyefika ukurasa wa mwisho wa tasnifu akakuta ameandika kitu kingine. "Lakini... plastiki..."

Fundi wa mtandao, aliyekuwa amealikwa na kukalishwa safu ya mbele, alinyanyuka taratibu, akaelekea langoni kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka.

"Simamisha!" Bwana Uzinduzi alifoka. "Funga maji!"

"Bado ishirini na mbili, mkuu. Ulisema nisiache hata moja."

Sasa ndipo Bwana Uzinduzi, kwa mara ya kwanza tangu apewe idara, alifanya jambo la akili. Aliufuata mpira. Aliufuata kwa miguu, hatua arobaini, watu nyuma yake, hadi ulikoanzia. Akaingia kibandani. Pale aliikuta soketi moja. Aliikuta plagi ya mtandao ikining'inia hewani. Na kando yake alizikuta barua zake mbili zimebandikwa bega kwa bega, mshale wa penseli katikati, na yale maneno matatu. Waliosimama mlangoni walimwona akisoma sahihi ya kwanza, kisha ya pili, kama anayetumaini kuwa ni ya mtu mwingine.

Alichomoa pampu kwa mkono wake mwenyewe, akarudisha mtandao. Skrini ikafufuka. Mgeni rasmi alikuwa amekata utepe wake zamani, ameondoka. Kilichoonekana ni kiti kitupu na mhudumu anayekusanya vikombe. Bwana Uzinduzi akakata wa kwake hivyo hivyo, mhudumu yule akishuhudia.

Kesho yake fundi umeme alikuja kuweka soketi ya pili. Alimaliza kazi kabla chai aliyopewa haijapoa. Miezi yote ile, maua yote yale, kwa kazi ya kikombe kimoja cha chai! Wiki iliyofuata, na wallahi siongezi chumvi, soketi nayo ilizinduliwa. Utepe ulifungwa kwenye mlango wa kibanda. Hiyo ndiyo picha ya ishirini na moja ukutani.

Mkataba pia ulikuja, tena wa miaka miwili. Bwana Uzinduzi aliuleta mwenyewe bustanini, akiwa na tabasamu la mtu anayetaka kitu. Alimkuta Mama Mpira amesimama na mpira wake mbele ya plastiki. Maji yalikuwepo, mtandao ulikuwepo, vyote kwa wakati mmoja, kama ilivyotakiwa tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni kitu cha kumwagilia.

"Mama," alisema, "watu wanatucheka na haya maplastiki. Nasikia kule kwako kibarazani una makopo kumi na moja ya miwaridi. Nimeambiwa mmoja umeshatoa ua, jekundu, ni mzuri ajabu. Ile ni mali ya bustani, kwa kweli, lakini hatutafika huko. Ilete tu. Tutafanya na sherehe ndogo."

Mama Mpira aliutia mkataba mfukoni kwanza, akaubonyeza ukakaa vizuri. Kisha akamtazama usoni, kwa upole, karibu kwa huruma.

"Andika barua, mkuu," alisema. "Nakala tatu."

Akafungua maji, akaanza na ua la kwanza la plastiki, akaenda la pili, na kwenye mabenchi hakuna aliyeinua kichwa, maana mtandao haukukatika.